Skrini ya kuonea ndege za mbali

Ndugu, umeuliza kama inafaa kuiacha skrini yako ya pikseli 1920 kwa 1080 na kununua ya 3840 kwa 2160, ili uzione ndege za adui mapema zaidi katika DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urushaji wa ndege za kivita. Mimi nakushauri ununue ya 2560 kwa 1440, yenye inchi 27 hadi 32.

Chukua ndege yenye mabawa ya mita 10 kutoka ncha hadi ncha, iliyo umbali wa kilomita 10, nawe umeiweka pembe ya kuona, yaani upana wa eneo linaloonyeshwa kwenye skrini, kuwa nyuzi 60. Katika skrini yako ya sasa ndege hiyo haifiki pikseli 2. Katika ya 2560 inazidi 2 kidogo, na katika ya 3840 inapata kama 3. Hata hivyo jicho halihesabu pikseli, bali huona ukubwa wa doa kwenye kioo na jinsi linavyotofautiana na mbingu au msitu ulio nyuma yake. Pikseli za 3840 zikibanwa ndani ya inchi 27 huwa ndogo mno, na ulainishaji wa kingo, yaani mbinu ya kompyuta ya kuondoa ngazi-ngazi kwenye kingo za picha, huzidi kulififisha doa. Faida yake huja baadaye, unapotaka kutambua umbo la ndege uliyokwisha kuiona.

Tena, skrini ya 3840 ina mara 4 ya pikseli ambazo kadi yako ya michoro inachora sasa, na picha inayokwamakwama huficha mwendo, ambao mara nyingi ndio humfichua adui.

Kabla ya kutoa fedha, tenga kitufe kimoja cha usukani kiwe cha kukuza picha: ukipunguza pembe hadi nyuzi 30, ndege ile ile hufikia pikseli 3 na nusu kwenye skrini uliyo nayo.