Usiilaumu GPU kabla ya kusoma jedwali la ulp

Wadogo zangu mnaoanza OpenCL (kiwango cha kuandika programu za GPU, yaani chipu za michoro, na vichakato vingine), swali lenu la kwanza huwa lilelile: programu moja, data moja, GPU mbili, mbona tarakimu za mwisho hazilingani? Kwa sababu kiwango cha OpenCL kimeruhusu. Kwenye floti (namba ya desimali ya biti 32), kujumlisha, kutoa na kuzidisha lazima kutoe namba iliyo karibu zaidi na jibu halisi. Lakini sin na cos zimeachiwa kosa la hadi ulp 4 (kipimo cha kosa, nitakieleza hapo chini), exp na log 3, pow 16. Matoleo ya usahihi mdogo, half_sin na ndugu zake, 8192! Fanksheni zinazoanza na native_ hazina kikomo, kila mtengenezaji na lake.

Ulp ni pengo kati ya namba na jirani yake ambayo floti inaweza kuihifadhi, na pengo hilo hukua kadiri namba inavyokua. Chukua longitudo za reli yetu: Kigoma ni karibu nyuzi 29.6, Tabora 32.8. Chini ya 32, ulp moja ni kama sentimita 21 ardhini. Ukivuka 32, pale kati ya Kaliua na Urambo, inakuwa 42. Abiria hasikii kitu. Data yako ndiyo inayoumia.

Ila mara nyingi fanksheni husingiziwa, mbovu ni kanuni. Tuseme unatafuta umbali kati ya vijiwe viwili vya bodaboda pale Mwanga, Kigoma, vimeachana mita 300. Ukitumia ile kanuni ya acos, inayopata umbali kutoka kosaini ya pembe kati ya sehemu mbili, kosaini inakuwa karibu mno na 1, na floti iliyo jirani na 1 kwa chini ni sawa na umbali wa kilomita 2.2. Kwa hiyo utapata sifuri, au kilomita 2.2, au zaidi. Mita 300 haipo kabisa. Hata acos isiyo na kosa lolote haiwezi kukuokoa hapo. Tumia haversine, kanuni ya umbali inayotumia sini ya nusu ya tofauti. Bora zaidi, toa longitudo na latitudo za kituo cha rejea kwa dabo (namba ya desimali ya biti 64) upande wa CPU, kisha peleka tofauti tu kwenye GPU: namba ndogo, pengo dogo.

Majibu msiyalinganishe kwa ==. Kokotoeni kwa dabo kwenye CPU, kisha hesabuni GPU imekosea ulp ngapi. Dabo ndani ya GPU si lazima iwepo, angalieni kwanza kama kifaa kina cl_khr_fp64, kiendelezi cha OpenCL kinachoruhusu dabo.

Na mkirithi programu yenye -cl-fast-relaxed-math, swichi ya kompaila inayolegeza usahihi ili kupata kasi, iondoeni, mpime, ndipo muamue kama kasi yake mnaihitaji.