Barua saba za adabu, na siku hazihesabiwi

Wiki iliyopita nimepitia majalada ya vijana wetu wapya wa dawati la malalamiko. Moja lina barua saba kwa muuzaji, zote za adabu, zote zimejibiwa "suala lako linashughulikiwa". Hakuna popote palipoandikwa ukomo wa muda, yaani siku ya mwisho ya kufungua shauri, ni lini. Jalada la namna hiyo nalijua, nililishika mwenyewe.

1. Kabla ya yote, andika juu ya jalada tarehe ya ununuzi, tarehe ubovu ulipoonekana, na siku ya mwisho ya kufungua shauri. Mimi sikuandika. Mama mmoja mshonaji aliniletea lalamiko la cherehani ya umeme iliyokata uzi tangu wiki ya kwanza. Alikuja na kitambaa alichojaribia, mishono imeruka mapengo-mapengo, na risiti mkononi. Muuzaji akawa muungwana ajabu: simu anapokea, fundi anatuma, kubadilisha anaahidi. Nikaamini suluhu iko njiani, nikamwambia mama asiwe na haraka. Nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Kumbe mazungumzo peke yake, kwa kawaida, hayasimamishi ukomo. Nilipochoka na kupeleka notisi ya madai, jibu lilitoka kwa wakili, mistari mitatu: shauri limepitwa na muda. Nikashika kalenda, nikahesabu kwa kidole. Kweli, tumechelewa siku 11. Risiti nayo ilishafifia ikabaki karatasi tupu, maana hizi za mashine hufutika kwa joto na mwanga.

Nilimwita mama nikamweleza kwamba kosa ni langu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, ile haraka uliyonikataza ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Alikunja kitambaa chake taratibu, akakirudisha mkobani.

2. Risiti ipigwe picha siku hiyohiyo.

3. Muulize mlalamikaji anataka nini hasa. Wengine wanataka fedha, wengine kitu kizima, na wapo wanaotaka kuombwa radhi tu. Huyo wa mwisho ukimburuza mahakamani umemtesa bure.

4. Jamani, acheni kuwarudisha watu eti risiti si ya jina lao! Mwaka 1928, huko Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake kinywaji cha tangawizi, akadai amekuta mabaki ya konokono chupani. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi la Uingereza likaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho. Dai dhidi ya muuzaji likigoma, mtazame mtengenezaji.

5. Kabla ya kushtaki, soma mkataba kama una kipengele cha usuluhishi, kisha chunguza mdaiwa ana mali gani. Nimeona watu wakishinda kesi safi, wakafika kwenye kukaza hukumu, yaani kudai walipwe walichoshinda, wakakuta kampuni imebaki jina na muhuri.

Lile jalada la barua saba limebakiwa na siku 19. Barua ya nane isiandikwe. Mwenye jalada aje mezani kwangu kesho asubuhi na mkataba halisi, tuandike notisi pamoja.