Kabla hujamwaga maji ya bwawa, iondoe klorini

Mwaka wangu wa kwanza kutunza bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni huko Jambiani, Unguja, niliyafungulia maji yote yaende kwenye mtaro unaoteremka ufukweni. Bahari ilikuwa imekupwa. Haukupita muda, mama mmoja aliyekuwa anatoka kwenye mwani wake akaniita: "Mwanangu, maji haya umetia nini?" Kwenye kidimbwi kilichobaki kati ya mawe, visamaki vilikuwa vinaelea matumbo juu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetia dawa, yaani klorini, kwa mazoea tu.

Klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita haimdhuru muogeleaji, lakini samaki humuunguza matamvua.

Sasa nikitaka kumwaga maji, naacha kutia dawa siku kadhaa kabla. Naondoa turubai, natoa na vidonge vya klorini vilivyobaki kwenye boya la dawa na kwenye kikapu cha chujio, maana hivyo husahaulika na huendelea kuyeyuka. Kazi iliyobaki nawaachia jua na pampu. Pampu usiizime: huyazungusha maji yafike juu yapigwe na jua, na mbu hawapendi kutaga kwenye maji yanayotembea.

Lakini jua halifanyi kazi sawa kwa kila dawa, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Klorini ya chembechembe, ile ya kalsiamu, huisha upesi. Vidonge vinavyoyeyuka polepole huwa na asidi ya sayanuriki, ambayo kazi yake hasa ni kuikinga klorini isiliwe na jua. Ukivitumia msimu mzima, asidi hiyo hujilimbikiza, na unaweza kungoja wiki nzima kipimo cha klorini kikaendelea kugeuka waridi, ishara kwamba bado ipo. Basi usihesabu siku. Pima, na usifungue bomba mpaka maji ya kipimo yabaki meupe kabisa.

Ukiwa na haraka, tumia thiosalfeti ya sodiamu au unga wa vitamini C. Gramu 1 ya klorini huhitaji takriban gramu 2.5 za vitamini C. Bwawa la lita 60,000 lenye miligramu 2 kwa lita lina gramu 120 za klorini, kwa hiyo gramu 300 za unga zinatosha. Ukoroge kwanza kwenye ndoo, umwage ukizunguka bwawa, ngoja pampu ichanganye, kisha upime tena, pamoja na pH, yaani kiwango cha asidi.

Maji usiyapeleke kwenye shimo la choo. Yatalifurisha, na klorini iliyosalia itaua bakteria wanaoozesha uchafu. Wakati wa masika usilikaushe bwawa lote, kwani maji ya ardhini yanaweza kulisukuma kutoka chini likapasuka.

Mimi huyaelekeza kwenye minazi, polepole, mbali na kisima cha jirani. Hata huko napima kwanza. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji yaliyomwagwa juu hayachelewi kufika kisimani au baharini.