Kwa mzazi wa "kitabu yangu": anza na mchezo, jedwali la ngeli litafuata

Mzazi mwenzangu, umesema kijana wako yuko Gredi 4, anaongea Kiswahili kutwa nzima, lakini akiandika ni "kitabu yangu imepotea", na ukimfungulia jedwali la ngeli, yaani makundi ya nomino, analia. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Kisumu na hilo tunakutana nalo kila wiki. Mtoto aliyelelewa kwa Kijaluo hajazikuta ngeli katika lugha ya nyumbani. Mwenzake wa Kiluhya anazo tayari. Kwa hivyo usimwite mzembe.

Mchezo ninaoutegemea zaidi tunauita sentensi ya watu. Kata katoni vipande vinne. Upande wa mbele andika kiti, changu, kimevunjika, tena. Nyuma andika viti, vyetu, vimevunjika, na kile cha nne kibaki "tena" pande zote mbili. Kila mtu ashike kimoja, msimame kwa mstari, msome kwa sauti. Ukiita "Wingi!", kila mmoja ageuze chake. Mmoja akichelewa sentensi inatoka "viti changu vimevunjika", na sikio la mtoto linaikataa papo hapo, kabla hujafungua mdomo. Halafu aliyeshika "tena" atauliza mbona neno lake halibadiliki. Usikimbilie kumjibu. Waache wabishane, watafika wenyewe.

Wakizoea, leteni neno kiboko, yule mnyama wa majini. Watoto wa huku wanamjua kutoka ufuo wa Dunga, na wengi wataanza na "kiboko kimelala" mpaka mmoja aseme "amelala". Kifaranga, kipepeo na kifaru nao ni hivyo hivyo: mnyama au mdudu huenda ngeli ya A-WA (amelala, wamelala) hata jina lake likianza na ki-.

Kwa kuandika, karatasi ya kukunja. Wa kwanza anaandika nani au nini, anakunja. Wa pili anaandika kitendo bila kuchungulia. Wa tatu, mahali. Mkikunjua mnapata "Vikombe vya shangazi amecheza mpira ndani ya matatu ya Kondele." Mkishamaliza kucheka, wairekebishe: vimecheza. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu kueleza ilikuwaje vikombe vikaingia uwanjani, au garini. Hapa ndipo insha inapoanzia, na naomba sana usiiruke hatua hii hata kama wamechoka. Sentensi moja ni afadhali kuliko kufunga daftari.

Zawadi za aliyewahi kumaliza sizipendi kabisa. Mwepesi hunyakua kila kitu na yule unayetaka kumsaidia hunyamaza. Na akikosea katikati ya mchezo, mrudishie tu kwa usahihi: "Eeh, kitabu chako kimepotea wapi?" kisha mwendelee.

Kama yuko peke yake nyumbani, wewe, dadake na hata nyanya shikeni vipande. Anzeni na ngeli ya KI-VI (kiti, viti), maana upatanisho wake unasikika wazi, mwende LI-YA (tunda, matunda), na U-ZI (ukuta, kuta) ingojee muhula ujao.