Kuchagua na Kupanga Bata Bukini wa Bandia: Niliyojifunza Majarubani Ahero

Nilipokuwa nikiishi Manitoba, nchini Kanada, nilifuatana kwa vuli nne na jirani zangu waliokuwa wakiwinda bata bukini. Tulitoka saa tisa za usiku, tukapanga bata wa bandia, wa kuwavuta wale halisi washuke, katika shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, kisha tukalala chali katikati ya mabua tukisubiri kuche. Wao walishika bunduki, nami nilishika kamera. Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo niliporudi Kisumu ujuzi ule wote niliuhamishia kwenye picha, katika majaruba ya mpunga ya Ahero, ambako bata bukini wa Misri huja kuchuma majani machanga na kuokota punje zilizodondoka baada ya mavuno. Ninayoyaeleza hapa yatamfaa mpiga picha wa bonde la Nyando au wa mabwawa ya mashambani kule Njoro, na yatamfaa pia ndugu aliye Kanada mwenye kibali cha kuwinda, kwa sababu bata anayekuja kutua hajui ni nani anayemsubiri.

Kosa langu kubwa nililifanya asubuhi ya kwanza kabisa. Nilikuwa na bata kumi na wawili wa plastiki niliowaleta kutoka Kanada, nikawapaka rangi upya wafanane na wa Misri, nikawasimamisha jarubani kabla ya mapambazuko. Bata wanane halisi walitokea upande wa ziwa, wakanizunguka mara mbili, chini kiasi cha kunisikizisha mbawa zao, kisha wakaenda zao. Mzee mmoja aliyekuwa akifukuza kweleakwelea katika jaruba la pili alikuja taratibu juu ya tuta, akawatazama bata wangu kwa muda mrefu.

"Binti yangu," akaniuliza, "hawa wako wameona nini?"

Sikumwelewa. Akaninyooshea kidole shingo zao. Wote kumi na wawili walikuwa wameinua vichwa.

"Bata aliyetulia huinama akala," alisema. "Hawa wanawaambia wenzao kwamba kuna hatari."

Wawindaji wa Manitoba walikuwa wamenieleza jambo hilohilo kwa maneno mengi zaidi, ila sikuwa nimelishika. Tangu siku hiyo, ninapochagua bata wa bandia ninatazama shingo kabla ya kuuliza bei. Kati ya kumi, ninataka saba wawe wameinamisha vichwa kana kwamba wanakula, wawili wawe wamejikunyata kama waliopumzika, na mmoja tu awe mlinzi aliyesimama wima, naye ninamweka pembeni mwa kundi. Ukikuta dukani au mtandaoni mkusanyo ambao bata wake wote wana umbo moja, uache hata kama ni wa bei nafuu.

Bata wa bandia wako wa aina kadhaa. Kuna wenye mwili mzima, ambao hupendeza lakini hujaza gari zima. Kuna maganda matupu yanayopangwa moja juu ya jingine. Kuna wanaoelea, wenye uzito chini ili wasipinduke. Na kuna bapa, yaani umbo la bata lililokatwa kwenye ubao na kuchomekwa ardhini. Kwa mazingira yetu ninapendekeza bapa bila kusita. Fundi wa jua kali anaweza kukukatia kumi kwa siku moja kutoka kwenye plaiwudi nyembamba, akakufungia kipande cha nondo chini ya kila mmoja, nawe ukabeba mzigo wote begani juu ya tuta jembamba ambalo mwenye bata wa mwili mzima hapiti. Tena bapa wana siri yao: ukiwachomeka kila mmoja kwa pembe tofauti, ndege anayezunguka juu huwaona baadhi wakijitokeza na wengine wakipotea kadiri anavyosogea, na kundi zima huonekana kama linatembea.

Rangi inahitaji subira. Tumia rangi isiyong'aa hata kidogo. Bata bukini wa Misri ana doa la kahawia iliyoiva kuzunguka jicho, jingine kifuani, na miguu ya waridi, na hayo ndiyo yanayomtambulisha kwa mbali. Weupe mkubwa wa bawa lake huonekana hasa anaporuka, na akikunja mbawa sehemu kubwa hufichika. Mimi niliwapaka wangu weupe mpana ubavuni kwa kuwa nilinakili picha ya ndege aliye angani, ikanibidi kuufuta kwa msasa. Ninashauri uketi nusu saa na darubini kando ya maji, uchore unachokiona ndege akiwa amesimama, ndipo uende kwa fundi.

Hata rangi nzuri huharibiwa na umande. Alfajiri ya Ahero matone hujipanga mgongoni mwa bata wa bandia, na jua likichomoza kila mgongo humetameta kama kioo. Ninabeba kitambaa kikavu cha pamba, ninawafuta mmoja mmoja dakika chache kabla ya jua, na wa plastiki ninawapaka tope jembamba la jarubani likaukie hapo hapo. Wakati wa kuwahifadhi, kila mmoja awe na mfuko wake, kwa sababu wakisuguana ndani ya gunia moja rangi huchubuka na plastiki iliyo chini hung'aa.

Katika kupanga, upepo ndio mwenye amri. Bata hutua akielekea upepo unakotoka, kwa hiyo maficho yako yawe upande huo, bata wa bandia wawe mbele yako, na uache uwazi wa hatua kama ishirini katikati yao ambamo wageni watashukia. Hapa uwanda wa Kano, ambamo Ahero imo, unatupendelea kuliko Manitoba. Asubuhi, hali ya hewa ikiwa tulivu, upepo huteremka kutoka nchi kavu ya mashariki kwenda ziwani, na alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Maana yake ni kwamba asubuhi unaketi mashariki na jua liko mgongoni, na alasiri unaketi magharibi na jua liko mgongoni tena, huku ndege wakikujia uso kwa uso katika mwanga mzuri. Bata wako waelekee upepo kwa jumla, lakini wasinyooke kama askari wa gwaride, na mmoja awe mbali na mwenzake kwa hatua mbili au tatu, kwa kuwa bata wanaojibana ni bata walioshtuka.

Kuhusu idadi, usiige mashamba ya Kanada ambako watu hupanga mamia. Bata bukini wa Misri hutembea wawili wawili au kwa familia muda mwingi wa mwaka, na wanane hadi kumi wanatosha. Wakati wa kuzaliana usiwapange kabisa karibu na mahali ambapo wawili wameshika eneo, kwa sababu dume hulilinda kwa ukali. Niliwahi kumwona mmoja akimpiga bapa wangu kwa mbawa mpaka akamwangusha, na nguvu alizozimaliza pale zilikuwa za kulinda vifaranga vyake.

Kabla ya yote hayo, zungumza na wenye majaruba. Katika mpunga wa Bunyala, kule karibu na mpaka wa Busia na Siaya, wawindaji haramu wamekuwa wakiwafunga korongo hai shambani ili wavute wenzao washuke kwenye konokono waliotiwa kabofurani, sumu ya kuulia wadudu, na nyama ya ndege hao huishia kuliwa na watu. Mkulima akimwona mgeni anachomeka ndege alfajiri, ana haki ya kuwaza hilo. Mimi hupita jioni ya kuamkia siku hiyo, nikamwonyesha mwenye shamba bapa na kamera, nikamwomba anielekeze tuta la kupitia, na mara nyingi yeye ndiye hunitajia jaruba ambalo bata walilala jana.

Usipange mahali pamoja zaidi ya asubuhi mbili mfululizo, maana ndege huzoea upesi na asubuhi ya tatu hupita juu bila kugeuza hata shingo. Unapoondoa, subiri mpaka waliotua waondoke wenyewe, uwahesabu bapa wako kwa mkono, na uchomoe kila nondo, kwa kuwa nondo iliyosahauliwa ndani ya maji humsubiri mguu wa mtu anayekuja kupanda.