Jibu: Upepo hafifu kwenye mto wenye mkondo
Ndugu, umeuliza kwa nini mashua yako ya tanga hurudishwa nyuma upepo ukilegea. Sisi wa Nairobi tumezoea maji ya bwawa, kwa hiyo mkondo tunausahau. Ukipanda mto, ambaa ukingo, hasa upande wa ndani wa kona, ambako maji huenda polepole. Mkuku wa kuinua, yaani ubao unaoshuka majini chini ya mashua, uupandishe kidogo usikwame kwenye tope. Ukishuka, shika katikati. Kaa mbele ili tezi, yaani nyuma ya mashua, isiburute maji, inamisha mashua kidogo demani, upande upepo unakoelekea, tanga lijae kwa uzito wake, na kamba ya tanga usiikaze mno. Usukani uguse taratibu sana, maana kila mtikiso ni breki. Upepo ukifa kabisa, teremsha nanga mapema, kanuni za mashindano zinaruhusu. Kupiga makasia haziruhusu.