Maswali ya Mavazi: Bega la Koti Halina Dawa

Nimeajiriwa benki baada ya miaka ya jinsi na raba. Ninunue suti ngapi? (Msomaji, Umoja)

Moja, ya buluu iliyokoza, kisha ubakishe fedha za fundi. Nimeandika mara nyingi kwamba koti la mtumba kutoka soko la Gikomba jijini Nairobi, likipunguzwa na fundi mwenye jicho, hulishinda koti jipya linaloning'inia, na bado barua huja zikiuliza bei pekee. Tazama mabega kwanza, kwa maana mshono unapaswa kuishia pale bega lako linapoishia. Kiuno hupunguzwa kwa kazi ndogo, lakini bega humlazimu fundi kufumua mkono na bitana, na wengi huliharibu kabisa. Jumamosi, mradi kitambaa chake haking'ai, koti hilo hilo litavaliwa na jinsi zako za zamani, zile zisizochanika.

Je, raba nyeupe zinafaa kwa suti?

Kwenye usaili, hapana. Kwingineko zikiwa safi, na anayepanda matatu wakati wa mvua za Aprili anajua usafi huo hufika wapi.

Je, suti ya Kaunda, ile ya koti la mtindo wa safari, ni vazi rasmi?

Ni rasmi, ingawa Spika Moses Wetang'ula aliipiga marufuku Bungeni Novemba 2023, wakati Rais Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa mara kwa mara. Kwa maoni yangu Spika alikosea, kwani suti hiyo ikishonwa kwa kipimo ina heshima kuliko tai iliyolegea shingoni. Ila usiifungie tai. Kola yake haikukatwa kwa ajili hiyo.

Niiache lebo iliyo mkononi mwa koti?

Itoe. Zikate pia nyuzi zilizofunga mpasuo wa nyuma kwa alama ya X. Sitalijibu tena swali hili.

Gauni moja litanitosha kazini na kwenye ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) jioni? (Msomaji, Kasarani)

Litatosha, likiwa la rangi moja na lenye kushuka chini ya goti. Ofisini livalie koti. Jioni vua koti, ujitande kitenge na ubadilishe hereni. Kitenge hicho kipeleke kwa fundi kikapindwe wiki mbili kabla, kwa kuwa "njoo kesho" ya mafundi wetu unaijua, na ikiwa sherehe ni ya Julai, mwezi wa baridi, koti usilisahau ofisini.